Hatua Elfu Kumi na Nane

Velma alinipigia kelele "Stop!" mbele ya wanawake arobaini, na mimi Rispah Moraa, niliyemfundisha huyo huyo Velma kushika bastola, nikasimama kama mwizi wa kuku. Ilikuwa Riyadh, mwezi wa tatu, kituo cha tisa kati ya vituo kumi. Yeye alikuwa mwamuzi. Mimi nilikuwa natoka nyuma ya ukuta mmoja wa mbao nikikimbilia mwingine, mguu wa kulia ukakataa kuinuka, nikapepesuka, na mdomo wa bastola ukazunguka ukaelekea nyuma waliko watu. Sikufyatua. Hakuna aliyeguswa. Lakini mchezo wetu hauna msamaha kwa hilo. Unatoa risasi, unafunga begi, unakwenda kukaa kando, na jina lako linapigwa mstari.

Kwa asiyejua, mchezo wenyewe ni wa kulenga shabaha huku unatembea. Unasubiri mlio wa saa ya mwamuzi, unachomoa bastola, unafuata njia iliyopangwa, hapa ukuta, pale dirisha, na unatoboa shabaha za boksi zilizotawanywa huko mbele. Wanahesabu matundu, wanahesabu na sekunde. Vijana hukimbia. Mimi nina miaka hamsini na saba, na siku ile nilijiambia eti na mimi nikimbie. Ujinga mtupu.

Na si kwamba ni mgeni wa silaha. Nilikuwa askari jela Kenya miaka ishirini na mmoja, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa nafundisha makurutu kulenga. Sasa nafundisha wanawake katika klabu moja ya shabaha hapa Riyadh, upande wa akina mama. Mwalimu mzima, kuondolewa kwa kosa la usalama! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na begi langu.

Kesho yake bosi Mishal aliniita ofisini. Si mtu mbaya. Anaongea polepole, na hapo ndipo anapotisha. "Rispah," akasema, "wateja wameona. Mwezi wa kumi na moja kuna mashindano Jeddah. Nenda. Ukimaliza vituo vyote kumi bila kosa la usalama, endelea kufundisha. Ukiondolewa tena, halas, hugusi bastola hapa kwangu. Utakaa mapokezi, ukaribishe wageni, uwamiminie kahawa." Hakuniambia nishinde. Aliniambia nimalize tu.

Kahawa! Jameni, kahawa mimi nimemimina ya kutosha. Miaka sita yangu ya kwanza nchi hii sikushika bastola, nilishika birika. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah, mtaa wa Aziziya, kwa Madam Ibtisam. Nyumba ya ghorofa mbili, jikoni chini, sebule ya wageni juu, na katikati ngazi ishirini na nne za marumaru. Nilizipanda na sinia, nikazishuka na sinia, mpaka nikawa nazihesabu usingizini. Klabu ya Riyadh ilipotafuta mwalimu mwanamke nikapata kafili mpya wa kunidhamini, na ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ikaandikwa mkufunzi. Siku hiyo nililia kwa furaha mpaka Velma, ambaye hata hatukuwa tumejuana vizuri, akanipa leso yake. Kwa hiyo bosi aliposema mapokezi, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. Jeddah lazima nimalize, kufa kupona.

Velma nilimnunia wiki mbili. Nilijua amefanya haki, na hilo ndilo lililonizidishia hasira. Wiki ya tatu akabisha chumbani kwangu na sahani ya chapati. Ni msichana wa Kakamega, mwenzangu hapo klabuni, miaka ishirini na minane, mdomo haumkai. Kabla sijamkaribisha akawa ameketi kitandani na simu yangu mkononi.

"Mathe, hii simu yako inahesabu hatua, unajua?"

"Nani kakuruhusu kuichokoa?"

"Siku ile ya mashindano ulitembea hatua elfu kumi na nane."

"Si ndiyo mashindano yenyewe."

"Apana. Jana nimepita vile vituo vyote kumi nikihesabu, kuanzia mlio mpaka risasi ya mwisho. Havifiki hatua mia tano. Hizo nyingine zote ulikuwa unaenda wapi?"

Nilikuwa naenda wapi? Kila mtu akimaliza kufyatua, lazima wengine waende mbele wabandike stika kwenye matundu ili anayefuata apate shabaha safi. Kundi lina watu kumi na wawili, wanabandika kwa zamu. Mimi siku ile nilibandika kwa watu wote. Nikaokota maganda ya risasi. Nikabeba mabegi ya wateja wangu wawili, nikawaletea maji ya baridi, nikamfuata mmoja na mwavuli asiungue jua. Hakuna aliyenituma. Niliona kitu kinahitaji kufanywa, miguu ikatangulia.

"Wewe hujazeeka vile unafikiri," Velma akasema huku anatafuna. "Wenzako wamekuja kushindana, wewe umekuja shifti."

Nikamwambia ale chapati anyamaze. Lakini usiku mzima maneno yake yalinikaa.

Tukaanza upya. Mbio sikuongeza hata kidogo, mwili wangu hauna tena deni la mbio kwa mtu. Nilijifunza kuzitunza zile nguvu nilizo nazo. Kiti cha kukunja kila niendako, na kivuli kwanza kabla ya salamu. Maji yenye chumvi kidogo, nikiyanywa kwa funda kabla kiu haijaja. Tende mbili baada ya kila vituo viwili, maana nikingoja njaa nimechelewa, mkono unaanza kutetemeka. Zamani nilikuwa napita njia ya kituo mara nane nikiikariri. Sasa napita mara tatu, nakaa, nafumba macho, naipita tena kichwani, na huko kichwani goti haliumi. Na stika nabandika zamu yangu, basi. Watu watatu, si kumi na wawili.

Mengine yote niliyaweza. Kukaa ndiko kulinishinda. Mwanamke mwenzio ameinama anabandika, wewe umekaa kitini umekunja mikono, unamtazama! Nilihisi siafu wako kwenye kiti. Velma alikuwa ananikalisha klabuni kwa mazoezi, nusu saa nzima, akinilinda kama mimi ndiye mfungwa na yeye askari. Nilimtukana kwa Kikisii, kwa bahati hakijui.

Tukafika Jeddah mwezi wa kumi na moja, tukalala mtaa wa Al-Baghdadiyah, hoteli ndogo juu ya duka la mashuka. Asubuhi nilipofungua dirisha nikakutana na lile joto la Jeddah nililolisahau, joto la majimaji. Riyadh jasho linakauka kabla hujalijua. Jeddah linabaki na wewe siku nzima. Nikaongeza taulo moja kwenye begi, ya mikono tu, bastola isije ikaniteleza.

Uwanjani tukasomewa makundi. Velma na mimi tulikuwa kundi moja, na nilikuwa naweka kiti changu kivulini, nimejipanga vizuri kabisa, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Rispah? Wallahi ni Rispah!"

Nikageuka. Madam Ibtisam! Mkanda kiunoni, bastola kwenye ala, kofia juu ya hijabu, na macho yale yale makubwa. Tulikumbatiana mpaka vifaa vyetu vikagongana. Akaniambia mumewe alifariki miaka miwili iliyopita, nyumba ikamwelemea, na binti yake akamwandikisha klabu ya shabaha Jeddah ili atoke nje aone watu. Ana miaka sitini na miwili. Nilimpa pole kwa moyo wangu wote, maana Baba, ndivyo nilivyomwita mumewe, alikuwa mtu mpole, na nilikuwa namsikia akikohoa kila alfajiri nikiwasha jiko. Machozi yalitutoka sisi wote wawili.

Mwamuzi, dada mmoja wa Kimisri, akaita kundi letu kituo cha kwanza. Tukatembea. Tulipofika, Velma akanitazama, akatazama mkono wangu, akanitazama tena.

"Mathe. Hilo begi ni la nani?"

Lilikuwa la Madam Ibtisam. Naapa sikumbuki nililichukua saa ngapi.

"Ni mgeni wangu," nikasema.

"Mgeni wako anaishi hapa Jeddah. Mgeni ni wewe."

"Velma, usinifunze adabu."

Basi ikawa hivyo. Nisimsingizie madam, hakunitesa mtu. Mdomo wake ulizoea jina langu na miguu yangu ilizoea mdomo wake, tukarudi pale pale tulipoachia. "Rispah, maji." Nikaleta. "Rispah, taulo." Nikaleta. Zamu yake ya kubandika ilipofika nilikuwa nimeshachukua stika zake. Nilimjazia risasi kwenye magazini. Kiti changu nilimpa yeye, kwani ningekaa vipi na madam amesimama? Velma alikuwa ananipita akisonya, mimi najitia hamnazo. Katikati ya hayo yote nilikuwa pia nashindana, na vituo vitano vya kwanza vilienda vizuri, nikajidanganya kwamba nimeweza yote mawili.

Kituo cha sita kikanionyesha. Mlio ukalia, nikachomoa, nikapiga zile nne za kwanza safi, nikaanza kuhama kwenda dirisha la pili. Mapaja yalikuwa mazito, jasho limeingia machoni, na akili ilikuwa kwenye mguu tu, mguu tu, usije ukakataa tena. Nikasikia mwamuzi:

"Kidole!"

Kidole changu kilikuwa kimebaki kwenye triga huku natembea. Mimi, ambaye nimewafokea makurutu mia kwa kosa hilo hilo! Nikakitoa haraka kama nimegusa jiko. Mwamuzi alikuwa na haki ya kuniondoa hapo hapo. Aliwahi kunionya kabla hatua haijakamilika, na akaniacha niendelee. Nilimaliza kile kituo. Aliponiandikia alama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, umechoka. Mara ya pili sitakuwa na la kufanya."

Ikafika mapumziko ya mchana. Nilijibwaga chini mchangani, nimeegemea begi la watu. Velma alichuchumaa mbele yangu na simu yangu.

"Elfu kumi na moja na mia nane," akasema. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Rispah," Madam Ibtisam akaita kutoka kwenye kiti changu, "tafadhali, kahawa iko garini. Termosi ya dhahabu, unaijua." Akanyoosha ufunguo.

Nikainuka. Ndiyo, niliinuka! Magari yalikuwa huko langoni, mwendo wa dakika saba kwenye jua. Nilitembea na ule ufunguo mkononi mpaka nikafika kwenye tangi la maji katikati ya uwanja, na hapo nikasimama kidogo goti lipoe. Nikamfikiria bosi Mishal. Alinitisha kwamba nikishindwa atanipeleka kumimina kahawa. Sasa mimi nakwenda wapi? Nakwenda kuleta kahawa, kwa miguu yangu mwenyewe, hata kabla sijashindwa. Nilipandwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya madam. Ilikuwa yangu mimi. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, askari wa miaka ishirini na mmoja, anashindwa kusema neno moja dogo.

Nikageuka nikarudi.

"Kahawa iko wapi?" Madam akauliza.

"Iko garini, madam."

"Gari halifunguki?"

"Sikufika." Nikamwekea ufunguo mkononi. "Nimebakiza vituo vinne na miguu ya vituo vinne. Nikienda huko langoni na kurudi, sitamaliza. Na nisipomaliza, kazi yangu ya kufundisha imekwisha. Na kiti hicho ni changu, madam. Nakiomba."

Wanawake wengine walijifanya wanakagua magazini zao. Madam Ibtisam aliinuka polepole, akakung'uta abaya yake, akautazama ule ufunguo.

"Umebadilika, Rispah," akasema.

Katika miaka sita hakuwahi kunitukana, na hilo halikuwa tusi. Lakini liliniuma, sitadanganya. Aliondoka kwenda garini peke yake, begi lake begani, na nikaona anavyolitembea lile jua, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Nilitaka kumkimbilia nimpokonye ule ufunguo. Velma akasogeza kiti nyuma ya magoti yangu, akanisukuma bega, nikakaa. Akanipa tende mbili. Nilizila nikilia.

Kituo cha saba, cha nane, cha tisa, nilifanya mambo yangu kama tulivyopanga. Nikabandika zamu yangu, nikarudi kitini. Nikanywa funda. Nikafumba macho. Mlio ukilia sikukimbia hata hatua moja, nilitembea kama mtu anayekwenda dukani, na kidole kikakaa nje ya triga muda wote kama kimegandishwa. Matundu yangu yalikuwa mazuri. Madam hakunisemesha. Zamu yake ya kubandika ilipoitwa, aligeuka kunitafuta kwa macho, akanikuta nimekaa. Akasimama hivyo kidogo, kisha akaenda kuchukua stika. Aliinama kwa taabu. Kiti kilikuwa kinaniwasha, nikakishika kwa mikono miwili.

Kituo cha kumi ndicho kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kuta tatu, na kwenye ukuta wa tatu dirisha limewekwa chini kabisa, karibu na ardhi. Nyuma yake shabaha mbili, na huwezi kuziona mpaka upige magoti. Nilipoliona asubuhi tukizunguka uwanja, nilisema moyoni, hapa ndipo wazee wataumbuka. Kupiga magoti si kazi. Kazi ni kuinuka na silaha mkononi, huku mkono mmoja unatafuta pa kushika na mwingine unasahau unakoelekea.

Madam Ibtisam alitangulia. Alienda vizuri mpaka pale dirishani. Akapiga magoti, akapiga zile mbili, akataka kuinuka, hakuinuka. Akajaribu tena. Mkono wa kushoto ukakamata ukuta, na ule wa bastola ukaanza kuyumba, ukaenda kando, ukaenda kando zaidi. Mwamuzi alikuwa ameshafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama, nikisema kwa Kiswahili, "Mbele, mbele, mbele." Sijui kama alisikia. Mdomo wa bastola ukarudi mbele, goti likanyooka, akamaliza. Alirudi kwetu amepauka, mchanga umemjaa magotini, na hakumtazama mtu.

"Mathe," Velma akaninong'oneza, "lile dirisha utafanyaje?"

"Naliacha."

"Lote? Watakukata pointi nyingi. Mwalimu kuacha shabaha mbili nzima, watacheka."

"Wacheke."

Jina langu likaitwa. Nikafuta mikono kwa taulo, nikasimama mstarini. Mlio. Nikachomoa. Ukuta wa kwanza, shabaha nne, matundu manane. Nikatembea. Ukuta wa pili, nikabadilisha magazini nikiwa nimesimama, bila haraka. Nikaanza kwenda ukuta wa tatu, na hapo, kama mtu aliyekuwa akiningoja tangu Riyadh, mguu wa kulia ukakataa. Safari hii sikushindana nao. Nikasimama. Nikahakikisha mdomo uko mbele, kidole kiko nje, nikavuta pumzi mbili nzima huku sekunde zinakwenda na watu wananitazama. Mguu ukakubali. Nikapita lile dirisha la chini bila hata kuliangalia, nikafika mwisho, nikapiga zile sita zilizobaki, zote.

"Ukimaliza, toa risasi, onyesha," mwamuzi akasema.

Nikatoa. Nikaonyesha. Nikarudisha bastola kwenye ala, na ilipoingia ikagonga kidogo mwishoni, nikajua nimemaliza. Hakuna aliyesema Stop.

Velma alinikumbatia mpaka nikamwambia aniache nipumue. Akaipiga picha karatasi yangu ya alama akamtumia bosi Mishal. Jibu lilikuja nikiwa bado sijafika kitini. "Jumapili, saa tatu, darasa la wanaoanza." Bosi hana maneno mengi. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, lakini pumzi haikutosha, nikaketi nikacheka peke yangu kama mwehu.

Walikuwa wanabandika shabaha zangu. Madam Ibtisam alikuwa mmoja wao. Nilimwona amesimama nyuma ya lile dirisha la chini na stika mkononi, anazikagua zile shabaha mbili, anazigeuza, anatafuta matundu. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu.

"Dirisha la chini umelisahau. Zile mbili hazina hata tundu."

"Sikulisahau, madam. Nililiacha."

"Mtu anaruhusiwa kuliacha?"

"Anaruhusiwa. Anakatwa pointi, basi."

Akatazama mchanga uliokuwa magotini mwake. "Mimi nimekaribia kufia pale. Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Na wewe ni mwalimu. Mbona hukuniambia?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshapata nilichokuja kukitafuta, na ningemwacha mama wa watu aende zake. Lakini nilikuwa nimechoka kunyamaza kuliko nilivyochoka miguu.

"Leo umeniomba maji, madam. Umeniomba taulo, umeniomba kahawa. Hilo hukuniuliza."

Velma alikohoa, akageukia kwingine. Nilidhani Madam Ibtisam ataondoka, na kwa kweli nilikuwa tayari aondoke. Badala yake aliliweka begi lake chini, akaketi juu yake, mbele yangu, chini kuliko mimi, kwa taabu ile ile ya pale dirishani.

"Goti lako lipi linauma?" akauliza.

"La kulia."

"Tangu lini?"

Nikafikiria nimpe jibu jepesi. Nikaliacha.

"Tangu zile ngazi zako, madam."

Macho yalimjaa maji, akayafuta kwa nyuma ya mkono, ule wenye stika. Huko mbele mshindani mwingine alikuwa amemaliza, na mwamuzi akaita watu wa kubandika. Haikuwa zamu yangu, lakini nilishika pembe za kiti niinuke, mazoea tu.

"Kaa," Madam Ibtisam akasema. Akajiinua polepole, mkono kwenye goti lake, akaenda kubandika.

Nikakaa.